Siku Kipoyi Kilipokosa Mabega

Asubuhi ile, katika lupango ya prezida wa komite ya kipoyi, uwanjani mbele ya nyumba yake, walikuwepo hawa. Prezida mwenyewe, kaka mukubwa wa baba yangu, kwa hiyo nilimwita baba mukubwa. Sekretere, aliyeoa binti ya prezida, njo namna alivyopata usekretere. Kaka yangu wa tumbo moja, konseye wa kamba. Bwana yangu, protokole. Shangazi yangu, dada ya prezida, mukunga aliyezalisha karibu kilima kizima na ambaye hakuogopa cheo cha muntu, kwa sababu aliwaona wote wakiingia duniani uchi. Papa mumoja wa Itebero, kule Walikale, aliyeoa kwetu na kujenga karibu na muto. Yeye hakuwa na cheo chochote. Wanaume wengine wa komite, wote ndugu ao shemeji za hao niliowataja. Wanawake wa jirani na majembe yao, maana tulikuwa tunaenda kulima maharagi. Mimi. Na wifi yangu, muke wa kaka yangu, amelala juu ya mukeka kwenye baraza, anauma kitenge asilie mbele ya wanaume.

Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya mbuzi zilizotolewa kwa kuoa mama zao. Siyaandiki. Wajukuu wao ni majirani yangu na bado naomba moto kwao.

Wacha kwanza nieleze kipoyi, kwa vijana waliozaliwa wakati wa pikipiki. Ni kitanda cha mianzi kilichofumwa kwa kamba za mugomba, na miti miwili mirefu pembeni. Wanaume wane wanaingiza mabega chini ya miti ile, wengine wanafuata nyuma kuwapokea wakichoka. Wakati wa Wazungu kipoyi kilibeba Muzungu na kofia yake. Lipanda, ule uhuru wetu, ilipokuja, watu wa kilima chetu walisema: kuanzia leo bega letu litabeba mugonjwa tu. Neno lile lilikuwa neno zuri, hata leo nalisifu. Nyumba zote zikaungana. Baragumu ikilia, kila nyumba inatoa mwanaume, mugonjwa anashushwa mpaka hospitali ya Kirotshe, kule chini kwenye ziwa. Nyumba isiyotoa muntu inatoa mutungi wa kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi.

Lakini ilikuwa miaka ya Lipanda, na muntu asiye na cheo alijiona kama hajapata uhuru wake. Kwa hiyo ikachaguliwa komite. Mwanzo ilikuwa ndogo: prezida, vis-prezida na sekretere, basi. Ikatunga sheria, na sheria ya kwanza ilisema muntu wa komite habebi. Baba mukubwa aliieleza vizuri sana, kwa sababu zamani alikuwa katekista na alijua kusema mbele ya watu.

"Kichwa hakibebi muzigo," alisema. "Kichwa kinaongoza. Mabega njo yanabeba."

Wanaume wakapiga makofi. Sisi wanawake tulikuwa tumesimama nyuma, kila mumoja na kitunga cha muhogo mugongoni, kamba yake imekaza kwenye paji la uso. Hatukupiga makofi. Mikono ilikuwa imeshika kamba.

Sasa, njia ya Kirotshe walioipita wanaijua. Inateremuka kama imekasirika, inapanda tena kama imejuta, na wakati wa mvua ule udongo mwekundu unashika muguu na kubaki na kiatu. Mwanaume aliyebeba mugonjwa mara moja alirudi na bega limevimba kama teke bichi, lile jimbi la shambani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ungemuona anapanda kwa prezida na mutungi wa kasikisi, muke wake nyuma akiubeba, kusema kwamba amepata wazo kwa ajili ya maendeleo ya chama. Wazo lilikuwa siku zote moja: kuna kazi fulani ambayo haina musimamizi.

Njo vile tulipata konseye, yaani mushauri, wa njia. Kisha konseye wa kamba, huyo kaka yangu. Kisha musimamizi wa mianzi, na mwangalizi wa musimamizi wa mianzi, kwa sababu huyo wa kwanza alikuwa anaaminika lakini si sana. Kisha konseye wa baragumu, ambaye hakupiga baragumu. Alimuonyesha mupigaji wakati wa kupiga, mpaka mupigaji naye akakasirika na akafanywa konseye. Bwana yangu alibeba muzee mumoja mwenye tumbo la maji, mara moja tu, akarudi akilala kifudifudi siku nzima, na alipoamuka akasema, "Mama watoto, hiki chama hakina protokole." Nilimuuliza protokole ni kitu gani. Akasema ni yule anayetembea mbele. Nikamuambia mbuzi ya kuongoza kundi pia inatembea mbele. Hata hivyo kasikisi ilitoka nyumbani kwangu.

Baba mukubwa hakumukatalia muntu. Kila cheo kipya kilikuja na mutungi wake wa kukilowesha, na kila konseye mupya alikuwa muntu mwingine wa kusimama prezida akipita. Reinyon zao, ile mikutano, zilikuwa nzuri kuliko harusi. Tulisikia kicheko chao mpaka shambani. Kipoyi chenyewe kilining'inizwa ndani ya nyumba ya prezida, kimefunikwa na mukeka mupya, na kila mwezi walikitoa nje, wakakizunguka, wakasema kiko muzima, wakakirudisha.

Na kweli kilikuwa muzima, maana msimu ule wote wa jua Mungu alituhurumia, hakuna aliyeugua sana. Kwa hiyo hakuna aliyejua.

Wifi yangu alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza, mutoto alikaa njiani muda mrefu, akatoka amenyamaza. Shangazi ndiye alimupokea. Alimuosha, akamufunga, akamupa kaka yangu amuzike nyuma ya nyumba, kisha akamuambia mbele yetu sote: "Mara ingine usiningojee mimi. Mukono wangu hauna macho. Uchungu ukianza, muke wako ashuke Kirotshe." Kaka yangu aliapa. Nafikiri hata cheo cha kamba alikitaka kidogo kwa sababu hiyo, ili kamba zikuwe nzima siku ile. Simusemi vibaya. Kamba zilikuwa nzima.

Uchungu ulianza kabla ya jogoo. Kulipokucha, ukungu ukiwa bado juu ya migomba, shangazi alitoka ndani akijipangusa mikono na sura yake haikunipendeza. "Mutoto amelala kama komeo ya mulango," alisema. "Piga baragumu. Akishinda hapa mpaka jioni, tutawazika wote wawili."

Baragumu ikalia. Na siwezi kuwanyima sifa: walikuja haraka. Wanaume wa kilima kizima walipanda kwenye lupango ya prezida, wengine wamevaa makoti yao, maana wito ulikuwa wa kikazi. Tulimuleta wifi yangu, tukamulaza barazani. Kipoyi kikatolewa, mukeka ukaondolewa. Konseye wa kamba akakagua kamba. Musimamizi wa mianzi akagonga mianzi. Mwangalizi wake akagonga tena.

"Komite iko kamili," akasema sekretere.

"Muzuri," akasema prezida. "Wabebaji basogee."

Hakuna aliyesogea. Kuku ilipita katikati ya lupango. Wanaume waliangalia kulia, wakaangalia kushoto, kila mumoja akitafuta wabebaji nyuma ya mwenzake.

"Wabebaji bako wapi?" akauliza prezida.

Yule papa wa Itebero akanyosha mukono. "Mimi niko, Papa prezida."

"Na wengine?"

"Wengine njo hawa," akasema, akionyesha komite yote kwa kidevu. "Mimi niko mugeni, nilifikiri munajua."

Njo pale tulipoelewa, wote kwa mara moja. Shangazi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Yesu wangu! Kilima kizima kimekuwa kichwa!"

Ungefikiri hapo mwanaume atavua koti. Wapi! Baba mukubwa aliinua mukono akasema jambo hili ni zito na linahitaji reinyon. Vibao vya kukalia vikaletwa. Wifi yangu aliuma kitenge, na reinyon ikafunguliwa kwa sala.

Konseye wa njia alisema wale wa vyeo vya mwisho washuke, wabebe leo tu. Wale wa vyeo vya mwisho wakasema cheo hakina mukia, walikilowesha kwa kasikisi ile ile. Vis-prezida akasema tutume muntu kilima cha pili kuomba wabebaji. Sekretere akasema hiyo itatuaibisha, wao walikuja kwetu kujifunza namna ya kuunda komite. Muntu mumoja akasimama kusema kwamba ni haya kubwa kwa chama kuona mugeni wa Itebero hajapewa cheo mpaka leo, tangu aoe kwetu, na kwamba anapendekeza awe konseye wa wageni. Wakapiga makofi! Naapa mbele ya Mungu, walipiga makofi. Muntu mumoja tu aliyekuwa tayari kubeba, wakamufanya konseye.

"Asanteni, bapapa," akasema yule papa. "Lakini muke wa huyu ndugu yetu iko anakufa."

"Tunafika kwa hiyo," akasema prezida.

Kaka yangu alikuwa amechuchumaa karibu na muke wake. Akasimama. "Baba mukubwa, mimi nitabeba. Najiuzulu."

"Kujiuzulu kunapokelewa na reinyon ya kawaida, shemeji," akajibu sekretere badala yake. "Hii ni ya dharura."

Shangazi aliweka chini kifurushi chake, akaenda kwenye kipoyi, akakitoa chini ya mikono ya musimamizi na mwangalizi, na akatugeukia sisi tuliosimama na majembe.

"Bamama, munangoja nani?"

Lazima niseme jambo ambalo si kila muntu analijua. Kwetu bega la mwanamuke halikuingia chini ya kipoyi. Wazee walisema mwanamuke akibeba kipoyi, safari inayofuata kipoyi kitamubeba bwana yake. Tulikua tukilisikia. Kwa hiyo nilipoweka jembe chini na kuinama, bwana yangu alinikimbilia, protokole muzima, koti limefunguka.

"Mama watoto! Unataka nikufe?"

"Basi beba weye."

Alifungua kinywa. Niliona usoni kwake kifo kiko upande huu na cheo kiko upande ule, na yeye katikati anapima. Sikungoja amalize kupima. Tulimulaza wifi yangu, nikaingiza bega mbele upande wa kulia, na wanawake wengine wawili wakaingia upande wa kushoto, mumoja mbele, mumoja nyuma. Papa wa Itebero alikuja kuweka bega nyuma kulia, tukainua. "Mimi ni konseye tangu sasa hivi tu," alisema, "bado sijaanza kazi."

Kipoyi kikatoka lupango. Na komite? Komite ilifuata! Hakuna aliyetaka kubaki nyuma na kusemwa kwamba alikosa safari ya kikazi. Bwana yangu alipita mbio mbele yetu, akasafisha sauti, na akatembea mbele akisema, "Njia! Njia!" kwa migomba. Nyuma yetu prezida na fimbo yake, na nyuma ya prezida wanaume wote wa kilima, mikono mitupu, wakitushauri. Sikiliza mashauri yao: muende polepole. Muende haraka. Muinue kushoto. Mama, usiteleze. Nilitamani kuteleza nikawaangukia.

Lakini wifi yangu alikuwa anapoa mwili, nguvu zinamuisha. Nilimuona muguu wake ukining'inia pembeni ya sikio langu, na kila tulipopita jiwe ule muguu ulikuwa unagonga shingo yangu bila nguvu, kama si wa muntu. Shangazi alitembea pembeni amemushika mukono, akimusemesha: "Usilale, binti. Nitukane, lakini usilale." Naye akamutukana, kwa sauti ndogo, na sisi tukafurahi. Kisha akanyamaza. Sisi ni watu wa kubeba, lakini kitunga kinakaa mugongoni, hakikai begani. Bega langu lilikuwa linawaka, na mwenzangu wa kushoto alianza kupepesuka. Tulianza kwenda polepole, na mimi nilijua, na shangazi alijua.

Njo pale, kwenye mupando wa mwisho kabla ya kuona ziwa, tulikutana na wanawake wanaotoka soko, wamebeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na chumvi. Walisimama pembeni kutupisha. Waliangalia wanawake chini ya kipoyi. Wakaangalia nyuma yetu, ule musururu wa makoti.

"Jambo, bamama," akasema mumoja wao. "Poleni. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," shangazi akajibu. "Ni uzazi."

"Ah! Basi ni hawa bapapa wamezaa? Naona bako bachovu, wanatembea pole."

"Waache, dada," akasema mwingine, "labda bote ni bagonjwa, na kipoyi ni kimoja."

"Papa, weye mwenye fimbo! Ukichoka tuambie, nina nafasi juu ya sambaza!"

Kicheko chao kilitushukia kama mvua ya mawe. Kaka yangu alivua koti akalitupa porini, sijui kama lilipatikana. Hakusema tena neno la kujiuzulu. Alinisukuma, bega lake likaingia mahali pa langu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia analia. Bwana yangu alisimama mbele kidogo, akageuka. Mwanamuke wa sambaza akamuambia, "Na weye, jogoo, endelea kuwika." Akarudi. Akachukua upande wa kushoto.

Wengine wakaja, lakini hawa walikuwa watu wa sheria. Kila mumoja kabla ya kuweka bega alipaza sauti, "Najiuzulu!" na sekretere akikimbia pembeni kwenye matope akajibu, "Imepokelewa!" Najiuzulu, imepokelewa, najiuzulu, imepokelewa, mpaka tunaanza kuteremuka kuelekea ziwa, na kipoyi sasa kilikuwa kinaruka, kilikuwa hakigusi ardhi. Mwisho sekretere mwenyewe akajiuzulu, akajipokelea, akashika muti wa nyuma.

Prezida peke yake ndiye hakujiuzulu. Alitueleza baadaye kwa nini: hakukuwa tena na komite ya kumupokelea.

Kule Kirotshe walimuingiza haraka, mulango ukafungwa. Shangazi alikaa chini ukutani, na kaka yangu akakaa karibu naye kama mutoto. Jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya ziwa tuliposikia. Kwanza tulifikiri ni mbuzi. Kisha ikalia tena, na shangazi akasema, "Huyo hajanyamaza," akajifunika uso na kitenge.

Mutoto mwanaume. Mama yake muzima, dhaifu, lakini muzima.

Ungefikiri basi, mambo yameisha. Wakati sisi wanawake tunatafuta kuni za kumupikia uji, nyuma ya hospitali nilisikia sauti ya sekretere. Walikuwa wamekaa chini ya ukuta, mabega yamevimba, na kila mumoja alikuwa anaomba kurudishiwa cheo chake, kwa sababu sasa alikuwa amebeba na ana ushahidi. Prezida alikuwa anasikiliza, anatikisa kichwa, muzee wa watu, na furaha yake imerudi. Kaka yangu hakuwepo pale. Bwana yangu alikuwepo, lakini aliponiona aliinuka na kuja kunipokea kuni. Hilo nalo naliandika, ili watoto wake wasiseme nimemuonea.

Kesho yake waliomba kuingia kumusalimia mama wa mutoto. Waliingia kwa mupango: protokole, prezida, vis-prezida, sekretere. Baba mukubwa alisimama kwenye miguu ya kitanda, akashika fimbo kwa mikono miwili, na akaanza kusema. Alisema juu ya umoja. Alisema juu ya ile njia na ule udongo. Alisema kwamba komite ilikesha na kuhangaika, kwamba ni komite njo ilimuleta huyu mutoto duniani, na kwa hiyo wamekaa, wamekubaliana, mutoto atachukua jina la prezida.

Wifi yangu alikuwa bado hawezi kuinua kichwa. Akasema, kwa heshima yote, kwa sauti ya muntu anayeuliza njia:

"Asante, baba mukubwa. Nilikuwa nimelala macho juu, naona tu mabega. Weye ulinibeba upande gani, mbele ao nyuma?"

Mutoto alipewa jina la babu wa upande wa mama.

Ni mimi naandika, niliyefika mwaka wa pili kwenye shule ya misioni na kutolewa kwenda kulea wadogo zangu. Wa mbele kulia chini ya kipoyi ni mimi, hiyo sina shaka. Mama aliyekuwa nyuma kushoto, pembeni ya papa wa Itebero, kuna siku namuona ni muke wa vis-prezida na kuna siku namuona ni dada yake, walifanana sana na walivaa kitenge kimoja. Kama uko wa nyumba ile na unajua ni nani kati yao, ao kama baba yako alikuambia kwamba alibeba kabla ya wanawake wa sambaza kucheka, njoo uniambie, nitafuta na kuandika upya. Tutaongea pole pole, mimi na weye, bila kufungua reinyon.